Chupa Isiyokuwamo Daftarini

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea Jumatatu ile lilikuwa mzaha. Saa nne asubuhi mtunza friza alisoma kipimo kilicho juu ya mlango, akaandika daftarini nyuzi themanini chini ya sifuri. Mezani nyuma yake alikaa fundi wa maabara, mwanamke waliyemwita Bi Chujio kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchuja. Akamwuliza bila kuinua kichwa:

"Kaka, hazina yetu imeamkaje leo?"

"Imeamka salama. Haijaibwa."

"Aibe nani? Mwizi wa mavi bado hajazaliwa, na akizaliwa mama yake atamkana."

Walicheka kidogo, kama walivyocheka kila siku kwa mzaha uleule, maana kazi ile bila mzaha haifanyiki. Kisha mtunza friza akavuta droo ya chini kabisa, na friza ikanuka limau.

Alisimama palepale, mvuke wa baridi ukimpanda magotini. Alikuwa amesomea viumbe vidogo mpaka shahada ya pili, na alijua jambo moja kwa hakika: kitu kilichoganda kwa baridi ile hakinuki. Harufu ni chembe zinazosafiri, na kwa nyuzi themanini chini ya sifuri hakuna kinachosafiri. Hata kinyesi, ambacho sifa yake duniani ni moja tu, kikigandishwa hivyo hunyamaza kama jiwe. Lakini droo ilinuka limau, wala si limau la tunda. Yalikuwa mafuta ya nywele ya mke wake, aliyefariki miezi minne iliyopita.

Akaifunga droo. Akaandika saa. Safu ya maoni akaiacha tupu, kwa kuwa hakujua aandike nini.

Mahali pale paliitwa Benki. Waliotoa kinyesi chao pale walikuwa wazima kuliko wazima. Katika watu thelathini waliojitolea, huenda akafaulu mmoja. Mtoaji alikuja asubuhi na kikasha chake, Bi Chujio akachanganya kilichomo na maji ya chumvi na glisarini, akachuja mpaka ukapatikana kama uji mwepesi wa rangi ya udongo, akautia chupani. Mtunza friza akabandika namba, kwani majina hayakutajwa, akaziweka chupa katika droo ya chini yenye utepe mwekundu. Humo zilikaa siku sitini. Siku zikitimia mtoaji alirudi kupimwa damu tena, na akionekana safi, chupa zake zilipandishwa rafu ya juu yenye utepe wa kijani, tayari kwa mgonjwa. Asiporudi, kwa sababu yoyote ile, zote ziliingia kwenye mashine ya mvuke, na watu wawili wakatia sahihi kwamba zimeteketezwa.

Ndani ya kila chupa mlikuwa na vijidudu vingi kuliko watu wote duniani, hai, vimelala. Mgonjwa ambaye tumbo lake limefagiliwa na dawa kali mpaka likabaki kiwanja kitupu, akitiwa uji ule, kiwanja huota nyasi tena. Watu wengi huicheka kazi hiyo mpaka siku inapomfika mtu wao.

Mtoaji namba kumi na saba alikuwa mke wake. Alikuwa yule mmoja katika thelathini, na alijivunia jambo hilo mbele za wageni bila haya hata chembe. "Wenzangu wana dhahabu," alikuwa akisema, "mimi nina cheti cha choo." Yeye ndiye aliyempa mumewe jina la Bwana Nukta, kwa sababu mume hakuweza kusema joto ni thelathini na saba bila kuongeza nukta na kinachofuata. Mke huyo aligongwa na gari saa mbili asubuhi akivuka barabara, siku ya arobaini na moja tangu alipotoa mara ya mwisho. Siku ya sitini ilipofika hapakuwa na mtu wa kupimwa damu.

Chupa zilikuwa kumi na mbili. Mumewe aliziingiza kumi na moja kwenye mashine ya mvuke, akaandika *kumi na mbili zimeteketezwa*, akatia sahihi. Bi Chujio, kwa huruma, alitia sahihi ya pili bila kuhesabu. Ile ya kumi na mbili mume aliibandua namba, akaificha nyuma ya droo nyekundu, mahali palipofikiwa na mkono wake tu.

Hakuwa na mpango nayo. Nguo za marehemu alizigawa, na viatu pia. Lakini ndani ya chupa ile vilikuwamo viumbe vilivyoishi ndani yake, vilivyokula alichokula, na vilikuwa hai bado. Aliyewahi kuzika hahitaji kuelezwa zaidi.

Wiki hiyo droo iliponuka limau, mama mkwe wake alikuwa amelazwa wodini, ng'ambo ya ua. Alikuwa ametibiwa nimonia, mapafu yakapona, dawa zikamwachia tumbo lililokataa kufunga: mara kumi na tano kwa siku, na kila siku alipungua kama sabuni. Walimweka katika chumba cha peke yake ili asiwaambukize wengine, na kila aliyeingia alivaa kwanza joho la kujikinga mlangoni. Daktari aliamua atiwe uji wa Benki siku ya Jumanne. Rafu ya kijani ilikuwa na chupa nne tu, zote za mtoaji namba ishirini na mbili, mwalimu wa michezo. Nyingine zote zilikuwa bado nyekundu, na zilizokaribia zilibakiza wiki tatu. Mama hakuwa na wiki tatu. Daktari alilisema hilo kwenye korido, mbali na mlango.

"Kwa hiyo natiwa mavi ya mtu," mama mkwe alisema jioni ile ya Jumatatu.

"Ni dawa, mama."

"Sikuuliza jina lake la kazi. Yanapitia mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Afadhali. Wa mbele nasalia na kusengenyea."

Jumanne asubuhi mtunza friza alitoa chupa ya kwanza, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya nyuzi thelathini na saba nukta sifuri, joto la mwili wa mtu. Ikapasuka. Zilikuwa chupa za plastiki nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na tangu Benki ifunguliwe hakuna iliyowahi kupasuka. Akatoa ya pili. Hiyo haikungoja hata maji. Ilipasuka juu ya meza, ufa umenyooka kutoka kizibo hadi kitako kana kwamba umepigwa rula. Daktari akasema labda ni kosa la kiwanda, wajaribu tena kesho polepole.

Jumatano ya tatu ikampasukia mkononi. Bi Chujio alikuwa karibu, na safari hii limau alilinusa na yeye. Wakatazamana. Ndipo pakasikika mbisho, kama mtu anayegonga mlango: mbili za haraka, moja ya kuchelewa.

"Kaka," Bi Chujio alinong'ona, "umebisha?"

"Mikono yangu unaiona."

"Basi nani kabisha?" Hakungoja jibu, kwa sababu alikuwa ameshageuza uso upande wa friza. "Kaka, imetoka ndani."

Mtunza friza aliweka chini vipande vya chupa. Mbisho ule aliujua. Kwa miaka kumi na mmoja aliusikia kwenye mlango wa bafu, wa chumba cha kusomea, hata kwenye kioo cha gari: mbili za haraka, moja ya kuchelewa.

Alhamisi Bi Chujio, bila kumwuliza mtu, alimleta mganga hadi getini. Mganga alikuwa mtu wa makamo, ameshika mkoba, viatu vimepigwa rangi. Akauliza ni nini kinachotunzwa humo. Akaambiwa. Akauliza mara ya pili kama amesikia sawasawa.

"Dada yangu," alisema, "majini wengine hukaa chooni tangu dunia kuumbwa, hilo mtoto mdogo analijua. Mimi huwatoa kwenye miili ya watu. Ninyi mmewawekea choo ndani ya nyumba, mkakitia umeme, mkakipa na mlinzi. Hao hawakuwavamia. Mmewapangisha." Akaurudisha mkoba begani. "Aliyewafungulia mlango ndiye wa kuufunga." Akaondoka na nauli yake.

Saa saba mchana ni saa ya chakula, na korido hubaki tupu. Chumba cha friza hakina dirisha. Humo usiku na mchana ni swichi moja ya taa. Mtunza friza alibaki peke yake, chupa moja ya kijani imebaki rafuni, na mama mkwe asubuhi ile hakuwa ameweza kukaa bila kushikwa mgongo. Mtunza friza alikuwa ameinama juu ya karatasi za namba akijisingizia kazi.

Kwanza ulikuwa mngurumo wa friza wenyewe, ule ambao mtu akiuzoea hausikii tena. Kisha mngurumo ukashuka ukawa kama mtu anayevuta pumzi kwa pua, kisha pumzi ikapata koo na koo likapata ulimi, na harufu ya limau ikatoka chini ya mlango wa chuma ikamzunguka miguuni, ikapanda kiunoni, ikafika shingoni, pale ambapo mkewe alizoea kuweka kidevu chake wakati yeye anasoma, na taa ikafifia bila kuzimika, na vinyweleo vikamsimama mpaka kichwani, na hapo ndipo sauti iliposema, kwa upole, karibu mno, kana kwamba kati yao palikuwa na shuka tu:

"Mume wangu. Baridi."

Hakugeuka. "Nani?"

"Unaniuliza jina, na wewe ndiye uliyenificha?"

Ilikuwa sauti ya mkewe. Hata mkwaruzo mdogo wa asubuhi ulikuwamo.

"Mama anakufa," sauti ikasema. "Ile iliyobaki juu itapasuka kama wenzake. Yangu ni nzima. Bandika ishirini na mbili, mpelekee Daktari. Nani atajua? Namba hapa unabandika wewe."

"Siku sitini hazikutimia," alisema. Ndilo neno pekee alilolipata kinywani, na kwa masikio yake mwenyewe lilisikika la kijinga.

"Nani amfae mama kuliko mwanawe? Nitakuwa ndani yake, mume wangu. Utakuja kumsalimia, utavuta kiti, na nitakuwa pale. Nitakutazama kwa macho yake. Akilala nitazungumza nawe. Hutarudi tena kwenye nyumba ile uliyoacha taa zinawaka ili usiingie gizani."

Hilo la taa hakuwahi kumwambia mtu. Akajikuta ameshabandua namba ishirini na mbili kwenye karatasi yake na imemnata kwenye kidole gumba, na mguu mmoja umekwisha kusogea kuelekea droo ya chini, na moyoni hapakuwa na hofu tena bali utamu, utamu wa mtu aliyeambiwa kwamba palitokea makosa, kwamba maiti iliyozikwa ilikuwa ya mtu mwingine. Na utamu huo ulimwogofya kuliko pumzi na harufu na taa vyote pamoja, kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe.

Akasimama.

"Niite jina langu," alisema.

Friza ikanguruma.

"Ulikuwa na jina ukiniita. Niite."

"Mume wangu," sauti ikasema.

"Hukuniita hivyo hata siku ya harusi."

Ndani ya friza kitu kikabisha: mbili, moja. Mbili, moja. Mbili, moja, bila kupumzika, mpaka rafu zikalia. Akatoka, akavuka ua kwenye jua kali, akaingia chumbani kwa mama mkwe.

Alikuwa amelalia ubavu, mashavu yamebonyea, macho yaleyale ya moto.

"Leo hukuvaa joho la mlangoni," mama alisema. "Wewe, usiyesahau nukta, umesahau joho. Na hiyo namba kidoleni ni ya nani?"

Akaitazama namba. Akaketi. Akamweleza yote kwa utaratibu, kama anavyosoma taarifa: chupa kumi na mbili, kumi na moja mashineni, uongo daftarini, limau, nyufa, sauti, na kile sauti ilichokitaka. Hakujitetea. Mama mkwe alisikiliza akiwa amefumba macho, na mara moja tu alinyoosha kiganja kumzuia asubiri tumbo lipite.

"Ilibisha?" aliuliza.

"Ilibisha. Mbili za haraka, moja ya kuchelewa."

"Halafu ikangoja?"

Alifikiri. "Haikungoja."

"Mbisho ule nilimfundisha mimi, ana miaka sita, kwa sababu alikuwa akiniingilia kama upepo. Nikamwambia: bisha, halafu ngoja. Siku moja nilikuwa naoga, akabisha, sikusikia. Nilipotoka nilimkuta amesimama nje kwenye mvua, anangoja aitikiwe. Nilimkausha nikilia." Akafumbua macho. "Hicho kimejifunza kubisha. Kungoja hakikujifunza. Si mwanangu."

"Mama, imebaki chupa moja. Nikikigusa hicho kilicho frizani, itapasuka."

"Nitakufa, basi. Nimesikia, sina ugonjwa wa masikio. Baba, tumbo hili limebeba watoto watano, na kila mmoja nilimjua alikotoka. Sitabeba mpangaji. Nikifa, nife na uchafu wangu mwenyewe." Pumzi ikamkatika, akangoja irudi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imelainika. "Ulimzika vizuri. Nilikuwepo, niliona ulivyonyoosha sanda kwa kipimo. Mzike na hicho kilichobaki."

Akanyanyuka. Akanawa mikono kwa sabuni na maji, si kwa spiriti, kwa kuwa ugonjwa ule spiriti haiuwezi. Namba ishirini na mbili ikaenda na maji.

Alimkuta Bi Chujio amerudi kutoka chakula. Akamwambia kwa maneno machache. Bi Chujio aliketi, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Nilisaini nimefumba macho," alisema. "Na mimi nimo. Tufanye nini?"

"Kile tulichoandika kwamba tulifanya."

Alivaa glavu nene za baridi, akavuta droo nyekundu, akaingiza mkono hadi begani. Chupa ilikuwapo. Haikuwa na namba, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi ilivyo mbaya chupa isiyo na namba, kama uso usio na nyusi. Alipoitoa, barafu iliyokuwa kwenye kuta za friza ilipiga mlio wa mfupa, na sauti ikatoka, na safari hii haikumjia yeye peke yake.

"Dada," ilimwambia Bi Chujio. "Dada, ananiua. Mwambie asiniue mara ya pili."

Bi Chujio aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa amekula naye meza moja mara nyingi.

"Mke wangu alikufa mara moja," mtunza friza alisema. Alizungumza kama anavyozungumza na mtu wa kuleta vifaa aliyeleta visivyoagizwa. "Barabarani, saa mbili asubuhi. Cheti nilikisaini mimi. Wewe nani?"

Sauti ikaacha kuwa ya mkewe. Haikupanda wala haikushuka. Ilipungua tu kilichokuwa cha mtu, ikabaki kitu kinachozungumza.

"Mimi ni mpangaji. Uliandika kuwa chupa hii haipo. Kilichopo na kimeandikwa hakipo, humo ndimo tunamokaa. Uliniita kwa kalamu."

"Basi nitakutoa kwa kalamu."

"Nikitoka sitoki peke yangu. Natoka na ile ya juu, ya mama."

Na kweli, kwenye rafu ya kijani chupa ya mwisho ilianza kutetemeka, kwanza taratibu kama jino lililolegea, kisha rafu nzima ikaitikia, kisha droo zote, mamia ya chupa za watu wazima kuliko wazima zikigongana gizani mwa friza, na kengele ya hatari ikaanza kulia, na kipimo juu ya mlango kikaacha themanini kikaja sabini, sitini na tano, sitini na moja, na ukungu mweupe ukamwagika sakafuni ukawafunika miguu, na ndani ya ukungu kitu kikawa kinapita kati ya miguu yao, kizito na baridi, kinajisugua kama paka. Na Bi Chujio akawa anasali kwa sauti isiyosikika, ila hakukimbia.

Mtunza friza aliitazama chupa ya juu. Huyo alikuwa mama yake, wa mwisho aliyebaki kumwita baba, mle ndani ya plastiki ya urefu wa vidole vinne. Mkono wenye chupa isiyo na namba ulisita.

"Pasua," alisema hatimaye. "Mama amenituma nikwambie. Pasua."

Akaufunga mlango wa friza kwa bega. Hatua sita hadi kwenye mashine ya mvuke, na katika kila hatua chupa ilizidi uzito, mpaka ya sita aliikokota kama ndoo ya maji. Bi Chujio akamfungulia mfuniko. Akaitia. Akakaza skrubu zote nne. Nyuzi mia moja ishirini na moja nukta sifuri, dakika thelathini. Akabonyeza.

Dakika ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya tano kikabisha, kutoka ndani ya mashine. Mbili, moja. Ya kumi kikabisha kwa ngumi, na mashine, ambayo wanaume wanne walihangaika kuiingiza chumbani, ikasogea upana wa kidole.

"Lete daftari," alisema.

Kanuni ya Benki ni kwamba kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, na ukweli unaandikwa pembeni. Akafungua ukurasa wa miezi mitatu nyuma, akaikata ile *kumi na mbili*, akaandika: *Kumi na moja. Ya kumi na mbili niliificha mimi, kwa sababu ya mapenzi. Imetiwa mashineni leo saa nane na dakika tano mchana.* Akasoma tena. Alifikiria kuyakata maneno *kwa sababu ya mapenzi*, kwa kuwa si ya kitaalamu. Akayaacha. Akatia sahihi.

Mashine ilikuwa inaruka. Bi Chujio alichukua kalamu, jina lake likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza, ila alilimaliza mpaka herufi ya mwisho, na chini yake akaongeza: *Sikuhesabu. Leo nimehesabu. Moja.*

Kikabisha mara mbili. Ile ya tatu haikuja.

Wakakaa palepale sakafuni mpaka dakika thelathini zilipotimia. Kengele ya friza ilikuwa imenyamaza. Alipolegeza valvu, mvuke ukatoka ukafika puani, na wote wawili wakavuta pumzi kwa woga. Bi Chujio akavuta tena. Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka.

"Kaka," alisema, "inanuka mavi."

"Inanuka mavi," alikubali.

"Ashukuriwe Mungu. Mavi matupu."

Na mtunza friza, ambaye hakulia kaburini wala miezi minne baada ya kaburi, aliweka paji la uso kwenye chuma cha moto cha mashine ile, akalia.

Jioni alimpigia Daktari simu, akamweleza kuhusu daftari. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Kosa hilo tutaliongea baada ya mama yako," alisema. "Ya juu imepasuka?"

"Sijafungua friza. Niliifunga isipoteze baridi."

"Basi kesho saa tatu. Tutajua hapo hapo."

Usiku huo alizima taa zote za nyumba, akalala.

Asubuhi ya Ijumaa alifika saa moja, kabla ya mtu yeyote. Kipimo kilisoma themanini. Akafungua friza. Upande wa ndani wa mlango, kwenye barafu nyembamba, palikuwa na alama ya kiganja, vidole vimetanuka, kana kwamba mtu alijaribu kusukuma atoke, au kurudi. Kisha akafanya alichozoea kufanya, akahesabu. Vidole vilikuwa sita.

Akachukua kitambaa chenye spiriti, akakifuta kiganja kile, kidole kimoja baada ya kingine, dole gumba mwisho. Akafungua daftari, safu ya maoni, akaandika: *Alama ya mkono, vidole sita, mlangoni kwa ndani. Imefutwa saa moja na dakika nane.* Akatia sahihi. Chochote kitakachotokea tena humo, alikusudia kukiandika.

Chupa ya kijani ilikuwa imesimama rafuni, nzima. Akaitia kwenye beseni. Thelathini na saba nukta sifuri. Alivuta kiti akakaa mbele yake, mikono juu ya magoti, na uji ukalegea polepole, ukageuka rangi, ukanuka unavyopaswa kunuka. Akaisoma namba mara mbili. Akaitia kwenye kikasha cha kuhifadhi joto, akavuka ua.

Mlangoni kwa mama mkwe alivaa joho, akafunga kamba zote tatu. Akainua mkono, akabisha: mbili za haraka, moja ya kuchelewa.

Akangoja.